Kumpenda jirani: mimi nilianzia kwenye gunia la viazi

Mdogo wangu uliyeanzisha uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema umeokoka mwaka jana, una duka la rejareja, kila ibada mnahimizwa kupendana, lakini ukifungua duka Jumatatu hujui huo upendo uuanzie wapi, hasa kwa jirani ambaye mmekosana. Waliotangulia kukujibu wamekwambia uombe sana. Omba. Mimi nitakusimulia habari za viazi.

Nanunua viazi mviringo Njombe, nashusha Dar. Kwa miaka mingi nilinunua lumbesa. Kwa asiyeijua: gunia linajazwa hadi mdomoni, linaongezewa juu kama kichuguu, linafungwa kwa kamba, na bado linahesabiwa gunia moja. Sheria inataka lisizidi kilo 100. Yangu yalikuwa yanafika 130 na ushee. Nilikuwa naimba kwaya, nilikuwa mweka hazina wa akina mama, na dhamiri haikuwahi kunisuta hata siku moja. Soko zima lilinunua hivyo.

Kilichonikamata ni somo la Biblia la Jumatano. Mwalimu wetu alitaka tusome Walawi 19 yote, mistari 37, kwa sababu ile amri ya “umpende jirani yako kama nafsi yako” Yesu aliichukua humo, mstari wa 18. Nilidhani nitakuta maneno ya moyoni. Nikakuta usivune shamba lako mpaka pembeni, maskini na mgeni wapate cha kuokota. Ujira wa kibarua usilale kwako. Usimwekee kipofu kitu cha kumkwaza. Usizunguke ukichongea watu. Ndipo unafika mstari wa 18, na ukishuka hadi wa 35 na 36 unakutana na mizani na vipimo vya haki. Nikabaki pale nahesabu magunia ya msimu mmoja kichwani, somo likaendelea bila mimi.

Kuacha kulinigharimu, na hili wahubiri huwa wanalipita haraka. Nilinunua mzani, nikaenda nao kijijini, nikatangaza nanunua kwa kilo. Msimu ule lumbesa ilikuwa 70,000; mimi nikaweka 60,000 kwa kilo 100. Ukipiga hesabu, lumbesa ya kilo 130 inampa mkulima kama shilingi 538 kwa kilo, kwangu anapata 600. Lakini mkulima anasikia sabini na sitini, fuso la mwenzangu limesimama pale pale, na ada ya shule inamsubiri nyumbani. Wakanikimbia. Safari ya kwanza nilirudi na gari nusu. Mzee mmoja tu ndiye aliyesema haya, pima tuone. Akarudisha gunia lile lile kwenye mzani mara tatu akidhani umechezewa. Kisha akaniambia, “Kwa hiyo mwanangu, kila magunia matatu nilikuwa nakupa karibu la nne bure.” Sikuwa na la kujibu. Na huyo alikuwa mkulima mmoja kati ya wengi niliowanunulia, wengine sikumbuki hata sura. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne; mimi nilishindwa hata kupata orodha.

Wala usinione malaika. Mwaka mmoja wa uhaba nilimtuma kijana akaninunulie, nikijua fika atanunua lumbesa, nikajifanya nimesahau kumuuliza.

La kibarua nalo lilinikuta sokoni. Jumamosi moja jioni kijana aliyenishushia mzigo nilimwambia sina chenji, nitakutumia kwenye simu. Ilikuwa 18,000. Jumapili nikatoa ahadi ya kanisa 50,000 mbele za watu. Kijana nilimtumia Jumanne. Hakulalamika, ila safari iliyofuata mzigo wangu ulishushwa wa mwisho, jua limeshawaka na viazi vinafuka joto. Nilipomuuliza akacheka: “Mama, si wewe ni wa mkopo.” Niliporudi nyumbani nikafungua Kumbukumbu la Torati 24:15, pale panaposema alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake uko kwenye huo ujira. Tangu siku hiyo kabla fuso halijafika napita kwa wakala, natoa hela, naomba noti ndogo ndogo. Ni kazi ya dakika kumi. Ukiniuliza upendo kwa vibarua ni nini nitakwambia ni chenji.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema hayo ni torati, sisi tuko chini ya neema. Ndugu yangu, Yakobo aliandika baada ya Bwana kufufuka, na sura ya 5 mstari wa 4 anasema ujira uliozuiwa kwa hila unalia, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Neema haikuufuta huo mstari. Nakubaliana naye kwamba Walawi 19:19 inakataza nguo ya nyuzi za namna mbili, na koti langu la kwaya sijui limechanganywa nini. Hapo mimi huangalia kama amri inamgusa mtu anayeweza kuumia. Zile zinazomgusa, Yesu na mitume wamezirudia tena na tena.

Sasa jirani yako mkorofi. Unasema unashindwa kumpenda, na hapo ndipo unapojichosha. Angalia Kutoka 23:5: ukimwona punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, msaidie. Hujaambiwa kwanza upatane na mwenye punda. Mimi nina jirani ambaye maji yake machafu yalikuwa yanaingia uani kwangu, tukafikishana kwa mjumbe, tukaacha hata kusalimiana. Masika fulani bodaboda yake ilizama kwenye tope mbele ya geti langu, na mimi, nakiri, nilisimama dirishani nikifurahi kidogo. Kisha punda akanijia akilini. Nikamwita mwanangu, tukatoka kusukuma, tope likatupaka sote watatu. Sasa tunasalimiana. Kupendana sana bado, na yale maji yanakuja hadi leo mvua ikizidi.

Kuhusu lile la kuchongea nitasema kidogo, maana najua linatuuma sisi akina mama wa jumuiya. Mara nyingi umbea wetu tunaupitisha kwenye maombi: “Tumwombee dada yetu fulani, ndoa yake haiko sawa.” Watu kumi na tano wamejua kabla ya “amina”. Mathayo 18:15 inasema akikukosa nenda kwake, “wewe na yeye peke yenu”. Nimejiwekea utaratibu: nikitaka kumwombea mtu kwa jina kwenye kikundi, nampigia kwanza kumuuliza kama ameruhusu. Siku hizi maombi yangu yamekuwa mafupi sana.

Na kama una binti wa kazi nyumbani, muulize anapumzika lini. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu 5:14 inamtaja mtumwa na mjakazi, wapumzike kama wewe. Kwangu Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ngumu kuliko zote, maana baada ya ibada nilikuwa naleta wageni wa kanisa waje kula. Siku hizi Jumapili tunakula kiporo cha Jumamosi, wageni nao wanakula kiporo, na saa nane binti anaondoka kwenda kwa shangazi yake.

Kwa hiyo usianze na moyo wako, utajichunguza mpaka uchoke. Ulisema unauza maharage na unga kwa sado, lile kopo la kupimia. Leo ukifunga duka ipindue hiyo sado uangalie kitako. Wengi wetu tumenunua sado ambazo zimeshabonyezwa kwa ndani na aliyetuuzia ili zipime pungufu, na hatukuuliza. Kama yako imebonyezwa, igonge irudi, au nunua nyingine. Bei utapandisha kidogo, na baadhi ya wateja watahamia duka la pili. Njoo hapa baada ya mwezi utuambie ulipoteza kiasi gani.