Maswali ya Wasomaji: Siku ya Kupamba Kampasi, na Watu Wanaoitunza Siku Nyingine Zote

Barua nyingi za safari hii zinahusu siku ya usafi na upambaji wa kampasi, ile ambayo kwa kawaida humalizika kwa hafla ya kuwashukuru wahudumu wa usafi na watunza bustani. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Mimi ni katibu wa serikali ya wanafunzi. Tunatarajia watu kama 200. Mara iliyopita walijitokeza wengi, lakini baada ya saa moja nusu yao walikuwa wamekaa kivulini. Tuanzie wapi? — Katibu

Walikaa kivulini kwa sababu hawakuwa na kitu mkononi. Kundi la watu 10 lenye makoleo matatu, ndoo sita na toroli moja linasafisha mfereji bila kusubiriana. Watu 10 wenye koleo moja ni mmoja anayefanya kazi na tisa wanaomtazama. Hesabu vifaa kwanza, ndipo ualike watu. Ikiwa vifaa vinatosha makundi 10 tu, gawa watu wako 200 katika zamu mbili za saa moja na nusu. Usiwaite wote saa mbili asubuhi.

Kabla ya hesabu hiyo kuna kazi moja ambayo waandaaji wengi huiruka. Wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, keti na wahudumu wa usafi wenyewe, si msimamizi wao peke yake, uwaulize: ni kazi ipi hamuifikii? Kufagia njia na kudeki korido wanafanya kila siku, tena kwa ustadi kuliko mtu aliyeshika fagio mara moja kwa mwaka. Wanachokosa ni mikono mingi kwa wakati mmoja. Watakutajia mfereji wa nyuma ya bweni uliojaa tope, mabango ya zamani yaliyogandishwa ukutani, chingamu chini ya viti vya ukumbi wa mihadhara, na mabaki ya ujenzi yaliyotelekezwa uani. Orodha hiyo ndiyo ratiba yako.

Mfereji huanza kusafishwa upande wa chini, maji yanakoelekea, kisha watu wanapanda juu. Ukianzia juu, unafanya kazi ndani ya maji yaliyozuiwa na tope ambalo bado hujalifikia. Ndoo ya lita 20 iliyojaa tope bichi huzidi kilo 30, kwa hiyo ijaze nusu tu. Tope lisilundikwe ukingoni, maana mvua ya kwanza italirudisha lilikotoka. Libebwe siku ileile.

Mabango yaloweshwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, yaachwe dakika 10 hadi 15, kisha yakwanguliwe kwa kikwaruzo cha plastiki. Yakikwanguliwa makavu yanaondoka na rangi ya ukuta. Chingamu igandishwe kwa kipande cha barafu kilichofungwa kwenye mfuko, ikishakuwa ngumu itabanduka.

Nasafisha kumbi za mihadhara. Siku hiyo watu wanafurahi, lakini sisi tunarudi nyumbani usiku. Chupa za maji zimetapakaa, rangi imedondoka sakafuni, vipande vya karatasi za kung'aa vimejaa kila pembe. Nikisema, naonekana sina shukrani. — Mhudumu wa usafi

Ndugu yetu, hukukosa shukrani hata kidogo. Siku ya usafi inayomwachia mhudumu kazi zaidi ya aliyokuwa nayo jana yake imeshindwa kwa kipimo chake yenyewe, na tungependa kila mwandaaji aisome barua yako kabla ya kuchapisha tangazo.

Kwa waandaaji: nusu saa ya mwisho ya ratiba iwe ya kuondoa uchafu wa shughuli yenyewe, na ifanywe na wajitolea kabla ya chakula na muziki. Wakishashika sahani hawarudi kwenye fagio. Karatasi za kung'aa na maputo yasiwepo kabisa, maana vipande hivyo hunasa kwenye nyufa za sakafu na kushuka hadi mifereji mliyotoka kuisafisha. Badala ya chupa ndogo za maji, wekeni madumu ya lita 20 yenye koki, kila mtu aje na kikombe chake. Penye kupakwa rangi, tandikeni turubai kabla kopo la kwanza halijafunguliwa, na mtu mmoja katika kila kundi awe na kitambaa kibichi tu, asishike brashi. Tone la rangi ya maji hufutika mara moja likiwa bichi. Likishakauka linahitaji kikwaruzo na magoti ya mtu.

Usafiri wa taka nao upangwe mapema. Mifuko 80 ikilundikwa getini siku ya Jumamosi na gari likaja Jumatano, mbwa na kunguru watakuwa wameshaifungua, na anayezoa upya ni mwandishi wa barua hii.

Na ikiwa lazima wahudumu wawepo siku ya mapumziko yao, hizo ni saa za kazi za ziada, zilipwe kama saa za ziada.

Tulipanda miche 100 kwa shangwe. Baada ya miezi sita iliyobaki hai haifiki nusu. Tulikosea wapi? — Mwanachama wa klabu ya mazingira

Barua yako haikueleza namna mlivyopanda, kwa hiyo tutakupitisha kwenye sababu tunazoziona mara nyingi.

Ya kwanza ni hesabu ya maji. Mche mchanga wakati wa ukame unahitaji takriban lita 20 kwa wiki, zikigawanywa mara mbili. Miche 100 ni lita 2,000, yaani ndoo 100 kila wiki, zikibebwa na mtunza bustani ambaye tayari ana kazi zake. Likizo ikifika, wanafunzi wanaondoka na ndoo zinabaki. Muulize mtunza bustani anaweza kumwagilia miche mingapi, na jibu lake liwe idadi ya miche mtakayonunua. Akisema 25, panda 25. Mwagilieni taratibu hadi maji yazame chini. Kurashia kidogo kila siku hulowesha sentimita chache za juu, na mizizi hubaki hukohuko juu ikisubiri jua liiunguze.

Ya pili ni shimo. Liwe na upana mara mbili hadi tatu ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, lakini kina chake kisizidi urefu wa udongo wa kwenye kiriba. Mkichimba kina kirefu na kufukia tena, udongo uliolegezwa hushuka, mche huzama nao, na shina likifukiwa linaoza polepole. Pale mzizi wa kwanza unapotokea kwenye shina pawe usawa wa ardhi. Karibu na majengo mapya udongo mara nyingi umeshindiliwa na mitambo na umejaa vipande vya saruji. Hapo panueni zaidi na mvunjevunje kuta za shimo kwa sululu, la sivyo mizizi huzunguka humohumo kana kwamba imo chunguni.

Kiriba kitolewe. Tunaandika hivi kwa sababu katika pilikapilika za kupiga picha miche mingi huingia ardhini na plastiki yake. Chaneni kiriba upande mmoja, shikeni udongo kwa viganja viwili, na mizizi iliyojizungusha chini ikatwe kwa kisu kikali.

Mwisho tandazeni nyasi kavu au majani unene wa sentimita 5 hadi 10, mkiacha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina hukaribisha ukungu na mchwa. Miti itakayokuwa mikubwa ikae angalau mita 8 kutoka ukuta, na msiipande juu ya njia ya bomba la maji taka.

Tuchague tarehe ipi? — Mshauri wa wanafunzi

Kama mtapanda miti, mvua ndiyo iamue: subirini udongo ulowe hadi sentimita 30 chini. Kama hakuna kupanda, 20 Septemba ni Siku ya Usafi Duniani, iliyotangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2023. Kwa hafla ya kuwaenzi wahudumu kuna 15 Juni, inayoadhimishwa na vyama vya wafanyakazi wa usafi kukumbuka mgomo wa wasafishaji wa majengo mjini Los Angeles mwaka 1990, ambapo polisi waliwapiga waandamanaji. Epukeni wiki ya mitihani na siku ya kwanza baada ya likizo. Siku hizo wahudumu wamezidiwa tayari.

Ukuta tuliopaka mwaka jana umebabuka wote. Rangi ilikuwa nzuri na ya bei. — Mwalimu wa sanaa

Ndugu mwalimu, huenda rangi haina kosa. Pitisha kiganja juu ya ukuta uliozeeka. Kikitoka na unga mweupe, rangi mpya ilishika unga, haikushika ukuta. Ukuta wa namna hiyo husuguliwa kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, ukasuuzwa, ukaachwa ukauke siku nzima, ukapakwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, ndipo rangi yenyewe ifuate.

Unyevu ndio mshukiwa wa pili. Bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45 ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, iache saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta unatoa maji, na kila rangi utakayopaka itatunga malengelenge mpaka bomba au paa linalovuja lizibwe. Lipu mpya iachwe wiki nne kabla ya kupakwa.

Kiasi: lita moja hutosha mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwenye ukuta laini, na kama 7 kwenye lipu ya mikwaruzo. Ukuta wa urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5 ni mita za mraba 50. Kwa mikono miwili unahitaji lita 10 ukiwa laini, 14 hivi ukiwa na mikwaruzo. Pakeni upande ulio kivulini na mfuate kivuli kinavyohama. Jua kali hukausha rangi kabla haijashika.

Tahadhari moja kubwa: rangi za kwenye majengo ya zamani huenda zina risasi, madini yenye sumu. Msizipige msasa zikiwa kavu, kwani vumbi lake hudhuru wanaopiga, na hudhuru pia wanaolifagia baadaye.

Tunaweza kuchanganya dawa ya klorini na dawa ya kusugulia choo ili zifanye kazi haraka? — Mwanafunzi, bweni la wavulana

Hapana, kamwe. Dawa nyingi za kuondoa ukoko wa choo zina tindikali, na tindikali ikikutana na klorini hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu. Mkojo mwingi uliogandia sakafuni nao hutoa gesi kali ukimwagiwa klorini, kwa hiyo suuzeni kwa maji mengi kwanza. Harufu ikiwashika, tokeni nje na acheni milango wazi. Msirudi kuokoa ndoo. Macho yaoshwe kwa maji safi dakika 15, na anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe zahanati.

Kwa sakafu, dawa yenye klorini asilimia 5 huchanganywa sehemu moja kwa maji sehemu 49: mililita 400 kwenye ndoo ya lita 20, kisha jaza maji baridi. Osheni kwa sabuni na msuuze kabla ya kuipaka, kwani uchafu huimaliza nguvu. Iacheni dakika 10. Ichanganywe siku ya kutumika, ya jana imeshapungua makali. Chumba kikiwa hakina dirisha, waachieni wahudumu wenyewe.

Wanafunzi wanaruhusiwa kutumia mashine ya kukata nyasi? — Katibu wa klabu

Waliofunzwa tu, wakiwa na miwani na buti, na mtu mwingine yeyote akae mbali zaidi ya mita 15. Mashine ya uzi hurusha kokoto kwa kasi ya kupasua jicho. Wengine washike reki.

Tumechanga fedha za kuwashukuru wahudumu. Wengine wanasema tuwanunulie glovu na buti, wengine wanataka hafla saa kumi jioni na vyeti. Mnashauri nini? — Mhadhiri

Glovu na buti si zawadi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, katika ibara ya 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mkimzawadia mtu kifaa anachostahili kupewa na mwajiri, mnamfunika mwajiri aliyeshindwa wajibu wake. Andikieni uongozi barua kuhusu glovu, na mchango wenu ubaki mchango.

Fedha taslimu ndizo zinazopendwa na wengi, na hakuna aibu ndani yake. Zigawanywe sawa kwa sawa, mkononi, kwa orodha iliyosainiwa. Orodha hiyo ndipo mambo huharibika. Wanaofanya kazi alfajiri, walinzi wa bustani wa usiku, wanaosafisha maabara na jikoni, na aliye likizo ya uzazi husahaulika kwa sababu hawaonekani. Pitieni daftari la zamu zote na mlinganishe na wanachosema wahudumu wenyewe. Majina yahakikiwe na kila mwenye jina: cheti chenye jina lililokosewa kinaumiza kuliko kutopewa cheti.

Saa kumi jioni inafaa ikiwa tu zamu ya mchana inaisha kabla yake na magari ya kurudi nyumbani bado yapo. Vinginevyo fanyeni saa ya kazi, chuo kikubali kuwa ni muda unaolipwa. Wahudumu wakae viti vya mbele, wanafunzi wapakue chakula na kuosha vyombo. Hotuba zisizidi mbili, na mmoja wa wasemaji awe mhudumu aliyeulizwa mapema kama angependa kusema. Picha zipigwe kwa ridhaa.

Wahudumu wetu wameajiriwa na kampuni ya mkandarasi. Uongozi unasema si watu wa chuo. — Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Mwajiri ni kampuni, lakini masharti ya zabuni huandikwa na chuo, na hapo ndipo pa kusukuma. Ulizeni mkataba unaisha lini, kisha wawakilishi wenu wapeleke mapendekezo miezi kadhaa kabla: chumba cha kubadilishia nguo chenye kufuli, mahali pa kukaa wakati wa mapumziko ambapo si stoo ya dawa za usafi, maji ya kunywa, vifaa vya kinga kwa gharama ya mkandarasi, idadi ya mita za mraba kwa kila mhudumu iwekwe wazi, na mshahara ulipwe kabla ya tarehe inayotajwa, chuo kikiwa na haki ya kuona hati za malipo. Hayo yakiwemo kwenye zabuni, kila kampuni itayaweka katika bei yake. Yasipokuwemo, atakayeshinda ni aliyekata gharama hizo zote.