Mishale ya Kaboni kwa Upinde wa Jadi

Swali: Upinde wangu wa jadi wenye ncha zilizopindwa una nguvu ya paundi 40 nikiuvuta inchi 28. Nichague mishale gani ya kaboni?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya bei tazama ugumu wa uti, yaani ule mwili mrefu wa mshale. Namba kama 500 huonyesha uti ulivyopinda, kwa sehemu za elfu za inchi, ulipotundikwa gramu 880 katikati ya vihimili vilivyoachana inchi 28. Hivyo namba kubwa ni uti laini zaidi. Ningeanza na 600 bila kuukata, kwani kuukata huuongezea ugumu, ilhali kigumba kizito huulainisha. Na tafadhali, tumia manyoya halisi: ya plastiki hayalali yanapougusa upinde, na mshale hupotoka.