Kaka alipiga kura ya kutoka, dada anaishi Brussels

Maswali ya wasomaji. Anayejibu, Mama wa Dwane, alikuwa wakala wa forodha Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, kwa miaka 22. Siku hizi yuko nyumbani Katuba, mtaa wa Lubumbashi, anauza makala (ya kuwasha moto, si ya gazeti).

Mama wa Dwane, jambo. Sisi ni watano wa tumbo moja. Kaka yetu mkubwa yuko London tangu 1998, ana uraia wa huko, na mwaka 2016 alipiga kura Uingereza itoke Umoja wa Ulaya. Dada anayemfuata yuko Brussels, yaliko makao makuu ya Umoja huo. Tangu siku ile hawasalimiani. Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia wanarushiana maneno bila kutajana majina. Juzi mama alifariki, wakaja wote wawili. Siku ya tatu ya kilio kaka akasema na sisi Kongo tutoke Jumuiya ya Afrika Mashariki kama wanaume. Dada akasimama, bukari (ugali) ikaachwa kwenye sahani. Sasa wazee wananiuliza mimi niliyebaki hapa: nani ana haki? — Mama wa watoto wanne, Kenya (ya hapa Lubumbashi)

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Na pole kwa hiyo bukari.

Nianze na kaka yako, kwa sababu ni rahisi kumcheka: mtu aliyeingia kwa viza anapiga kura ya kufunga mlango. Usimcheke haraka. Kule wapo wahamiaji waliosema, tena kwa uchungu, kwamba Mpolandi, kwa kuwa nchi yake imo Umoja wa Ulaya, alikuwa anashuka kwenye basi na kesho yake anaanza kazi, wakati shangazi yao kutoka Afrika ananyimwa viza ya kuja harusini. Kaka yako huenda ni mmoja wao. Ulishawahi kumuuliza kwa utulivu, bila dada kuwepo?

Halafu ile kura yenyewe. Tarehe 23 Juni 2016 waliosema tutoke walikuwa asilimia 51.9, waliosema tubaki 48.1. Scotland ilitaka kubaki kwa asilimia 62, Ireland ya Kaskazini nayo ilitaka kubaki, na zote mbili zikatolewa pamoja na wengine. Ukigawanya familia yenu kwa hesabu hiyo, haigawanyiki vizuri. Na pande zote mbili zilitia chumvi. Wa kutoka walizunguka na basi jekundu lililoandikwa kwamba nchi inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Mamlaka ya takwimu ya hukohuko ikasema hesabu hiyo inapotosha, maana haikuondoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa inapewa. Wa kubaki nao, serikali ikiwa upande wao, walitabiri kwamba uchumi utaanguka mara tu watu wakichagua kutoka. Mwaka ule haukuanguka. Kwa hiyo dada akileta basi, kaka ana la kujibu, na hapo ndipo mnapokesha.

Mimi naliona jambo hili kutoka getini, maana ndiko nilikozeekea. Karatasi ya kura iliuliza: mbaki au mtoke? Haikuuliza mkitoka mnaenda wapi. Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo ndani ya soko lake. Uturuki haimo, ila ina mkataba wa forodha nao. Kila mmoja wa wale asilimia 51.9 alikuwa na "kutoka" kwake kichwani. Ndiyo maana bunge lao liliukataa mkataba wa kutoka wa waziri mkuu wao, Theresa May, mara tatu, na mara ya kwanza, Januari 2019, ilikuwa kura 432 kwa 202. Walitoka rasmi 31 Januari 2020, na kwenye soko wakatoka mwisho wa mwaka huohuo.

Wakapata mkataba wa kuuziana bidhaa bila ushuru. Watu wakashangilia. Mimi nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nachambua sombe (kisamvu), nikacheka peke yangu. Bila ushuru si bila karatasi! Ili usilipe ushuru lazima uonyeshe kitu chako kimetengenezwa wapi. Peremende ikitengenezwa Ujerumani, ikaletwa Uingereza, kisha ikapelekwa Ireland, inaweza kudaiwa ushuru kwa sababu si ya Kiingereza, na huko Ulaya ilikotoka imeshaaga. Mtu wa kawaida anaona huo ni wazimu. Wakala wa forodha anaona ni Jumatatu.

Na chakula ndicho kibaya zaidi. Mwaka mmoja nilikuwa na mzigo wa vifaranga vya siku moja kutoka ng'ambo ya Zambia, boksi 40, kila boksi na matundu yake. Cheti cha daktari wa mifugo kilikuwepo, sahihi ilikuwepo, muhuri mmoja haukuwepo. Saa nne asubuhi lori lilikuwa linalia kama soko. Saa nane sauti ilikuwa imepungua, dereva anamwagia maji turubai. Jioni muhuri ulipopatikana nilifungua boksi la juu kabisa nikalifunga tena. Mwenye mzigo hakunitukana, alikaa tu juu ya jiwe. Kwa hiyo Januari 2021, nilipoona wauza kamba na kaa wa Scotland wamepeleka malori yao London kuandamana karibu na bunge kwa sababu ya vyeti vya afya na ucheleweshaji, sikuhitaji kutafsiriwa. Mwezi huohuo maofisa wa forodha wa Uholanzi walikuwa wanawanyang'anya madereva kutoka Uingereza mikate yao yenye nyama. Mkate wa dereva, wa kula njiani! Nyama kutoka nchi isiyo ya Umoja haiingii, hata ikiwa kipande kimoja kati ya vipande viwili vya mkate.

Sasa, nani ana haki? Kaka alijibu swali la nani anaamuru. Dada alijibu swali la nani anasubiri foleni. Ukinibana, nitasema dada aliyaona mapema mambo ya getini, na kaka hakukosea kusema nchi ina haki ya kutoka. Alikosea kudhani inatoka siku ya kura. Wazee wasiikate hii kesi. Wakiikata, mmoja hatakuja siku ya kuondoa matanga.

Mama, kuna watu wanasema Rais akitangaza leo kwamba Kongo imetoka Jumuiya ya Afrika Mashariki, kesho tumetoka. Ni kweli? — Mwanafunzi wa sheria, Kamalondo

Mwanangu, wewe ndiye unayesoma sheria, ila sawa. Si kweli. Soma kifungu cha 145 cha mkataba wa Jumuiya. Kwanza bunge la nchi liamue kwa theluthi mbili za wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Kisha barua iende kwa Katibu Mkuu, na miezi 12 ipite. Katika miezi hiyo nchi bado ina wajibu wake wote.

Angalia Mali, Niger na Burkina Faso. Tarehe 28 Januari 2024 walitangaza wameondoka ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, palepale. ECOWAS ikahesabu mwaka mzima kama mkataba wake unavyosema, wakatoka Januari 2025.

Najua hasira inatoka wapi. Baada ya Goma na Bukavu kutekwa mwanzoni mwa 2025 na waasi wa M23, ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda, kuna watu hapa mtaani wasiotaka kusikia kwamba tunakaa meza moja na Rwanda. Sitawaambia wasikasirike. Nawaambia tu kwamba hasira haina nafasi kwenye fomu.

Jambo moja la pembeni, nisamehe. Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya tarehe 11 Julai 2022. Mtu wa Lubumbashi wa rika langu akisikia 11 Julai anakumbuka 1960, siku Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, alipotangaza limejitenga na Kongo. Baba yangu alitunza noti za Katanga kwenye mkebe wa maziwa mpaka alipokufa. Kujitenga kuliisha Januari 1963, na zile noti hakuna duka lililozipokea. Hakuzitupa, na hakueleza kwa nini.

Mukubwa wangu, mimi nauza unga wa mahindi. Tukitoka Jumuiya ya Afrika Mashariki, bei itapanda? — Muuza unga, Ruashi

Unga wako unatoka wapi? Kama ni kutoka Zambia, kama wa wengi hapa, Zambia haimo kabisa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisi na wao tunakutana katika SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) na COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika). Kwa hiyo gunia lako la Kasumbalesa halitajua kama tumetoka.

Linalojua ni lori linalokuja kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Tunduma, mpaka wa Tanzania na Zambia, maana Tanzania imo Afrika Mashariki na imo SADC pia. Tanzania yenyewe ilitoka COMESA mwaka 2000, na leo ukimuuliza dereva wa Dar hata hakumbuki.

Lakini usilale kwa amani sana. Agosti 2024 Kongo ilizuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, wafanyabiashara wa Kasumbalesa wakaandamana, Zambia ikafunga mpaka wake pale, Mokambo na Sakania. Ilikuwa siku chache tu, lakini wewe unajua foleni ya malori ilivyokuwa. Nchi zote mbili zilikuwa wanachama wazuri wa SADC na COMESA siku hiyo yote. Weka akiba ya magunia mawili.

Nchi ikishatoka inaweza kurudi? — Baba Jean, Kipushi

Inaweza. Moroko ilitoka Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1984, ikaingia mrithi wake, Umoja wa Afrika, 2017. Rwanda ilitoka jumuiya ya uchumi ya Afrika ya Kati mwaka 2007, ikarudi, na Juni 2025 ikatangaza inatoka tena. Anayerudi huwa anakuta kiti chake kimesogezwa.

Mama wa Dwane, mwanangu wa kike anasafiri kwenda London, atapita Brussels kumwona binamu yake siku mbili. Nimfungie nini? — Dereva wa teksi, Katuba

Hatimaye swali langu hasa. Nyama kavu usifunge, wala jibini, wala maziwa. Kutoka kwetu haviingii Ubelgiji na haviingii Uingereza, vitaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege mbele ya macho yake. Sombe mbichi inataka cheti cha afya ya mimea, na wewe hutakitafuta. Samaki mkavu wa Kasenga anaruhusiwa pande zote mbili, mradi ni wa kula mwenyewe na hazidi kilo 20. Mfunge kwenye plastiki mara tatu, kwa heshima ya abiria wengine.

Na umwambie asinunue mkate wenye nyama Brussels akautia mkobani. Tangu Aprili 2025 Uingereza nayo imewakataza wasafiri wanaotoka Ulaya kuingia na nyama ya ng'ombe, kondoo au nguruwe, na vitu vya maziwa, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Sasa mkate unanyang'anywa kwenda na kurudi. Yule mama wa Kenya aliyeandika hapo juu anisikie pia: siku dada yake akikubali kumtembelea kaka yake London, abebe samaki.