Hulka (tabia za kudumu za mtu) ndani ya dodoso la kaya: maswali na majibu

Tumepewa dakika chache tu za kupima hulka. Maswali matatu ya wasiwasi, yaani tabia ya kuhangaika upesi, yanatosha?

Yanatosha kulinganisha wastani wa makundi makubwa. Mwaka 2005 utafiti wa kaya wa Ujerumani, SOEP, uliingiza maswali 15, matatu kwa kila moja ya hulka tano kuu. UK Biobank, utafiti wa afya wa Uingereza wenye washiriki wapatao nusu milioni, iliuliza 12 ya ndiyo au hapana kwa wasiwasi peke yake. Tofauti yake ni hii: uwiano kati ya maswali (kiasi majibu yanavyokwenda pamoja) ukiwa 0.25 kwa wastani, matatu yanatoa alfa ya Cronbach, kipimo cha kuaminika kwa alama ambacho 1 ndiyo kamili, ya 0.50, na 12 yanatoa 0.80. Kwa alfa ya 0.50, uwiano halisi wa 0.30 kati ya wasiwasi na kipato utaonekana kama 0.21, hata kipato kikiwa kimepimwa bila kosa. Wengi hapo husema "athari ni ndogo", kumbe kipimo ndicho kifupi.

Mhojiwa anakubali "nina wasiwasi mwingi" na pia "mimi ni mtulivu". Tumfute?

Msimfute. Ni mazoea ya kukubali, na huzidi mdadisi anaposoma maswali uso kwa uso: mgeni umemkaribisha, kumkatalia kila mara unaona haya. Dawa yake huanza kwenye kuandika dodoso, kwa kupanga maswali kwa jozi zinazopingana. Kabla ya kugeuza alama za maswali ya kinyume, tafuta wastani wa majibu ya jozi zote za mtu huyo, uondoe kwenye kila jibu, ndipo ugeuze. Tuseme, kwa majibu ya 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), wastani ni 4.2, wasiwasi kajibu 4, utulivu 5. Unabaki na -0.2 na 0.8, ya pili ikigeuzwa ni -0.8. Alama yake ni -0.5, yaani ameegemea utulivu. Maswali yote yakielekea upande mmoja, hakuna hesabu itakayookoa data hiyo.

Lakini kinyume kisiandikwe kwa kukanusha. "Hukasirika upesi" na "hukasiriki upesi" zinatofautiana kwa irabu moja, na jioni mdadisi amechoka. Tena, kwa Kiswahili ukiulizwa "Hukasiriki?", "ndiyo" yako ina maana kwamba hukasiriki, mdadisi akiandika 1, alama ya mwenye hasira, bila kufikiri, jibu limepinduka. Tumia neno linalojitegemea: mpole, mtulivu, mvumilivu.

Swali la Kiingereza linauliza kama hali ya moyo hupanda na kushuka. Tulitafsiri hivyo hivyo. Kuna ubaya?

Upo. Kwetu kinachopanda na kushuka ni presha, na mzee atakujibu kuhusu dawa zake. Afadhali: "Je, mara nyingi furaha yako hugeuka huzuni bila sababu?" Kisha wasomee watu kumi hivi, wa mjini na wa shamba, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoulizwa. Kuhesabu "ndiyo" peke yake hakutakuonyesha kosa hili.

Wahojiwa wanaomba alama zao. Tuwape?

Hapana. Alfa ikiwa 0.50, nusu ya tofauti za alama kati ya watu ni makosa ya kipimo. Anayeeleza dhiki kubwa aelekezwe kituo cha afya, alama yake iwe juu au chini.