Acha Kukariri Maneno, Soma Riwaya

Orodha za maneno nilizowahi kukariri zilinitoka kichwani upesi. Maneno niliyokutana nayo kwenye riwaya ndiyo ninayoyatumia mpaka leo, mengine hata sikumbuki niliyaokota kitabu gani.

Utajiri mkubwa uko kwenye vitenzi. Ukisoma habari tupu utazunguka na "alisema", "alieleza" na "alibainisha". Hadithi haiendi hivyo; humo watu hununa, huona haya, hunyemelea. Tazama sentensi kama hii: "Mzee alijikongoja hadi kizingitini, akashika mwimo wa mlango, akashusha pumzi." Hata kama kujikongoja hujakusikia popote, uzee wake na pumzi aliyoshusha vimeshakwambia kwamba alitembea kwa taabu. Mwimo nao uko mlangoni, unashikika, na umesimama karibu na kizingiti. Maana umeshaikaribia, na ngeli umeipata bure: ni "mwimo wa", si "mwimo ya". Kurasa chache mbele mwizi atanyata, majeruhi atachechemea, mlevi atapepesuka, nawe utaona jinsi "alitembea polepole" ilivyo chapwa.

Usikimbilie kamusi kwa kila neno. Mimi huweka alama ya penseli pembeni, nikaendelea. Neno likijirudia na bado limenifumba, nalitafuta nikimaliza sura. Ukisimama kila mstari, hadithi inapoa na kitabu unakitupa. Na unapotafuta, vua viambishi kwanza: "kilichomsononesha" hutakipata kwenye K. Nenda kwenye S, kwenye sononeka.

Kitabu chenyewe kisikuzidi kimo. Mwaka 2000, watafiti Hu na Nation, waliowapima wasomaji wa hadithi kwa Kiingereza, walikadiria kwamba msomaji huhitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe vizuri bila msaada. Kwa ukurasa wa maneno 300, hayo ni maneno mageni kama sita hivi. Ukihesabu kumi na tano, kiweke kando kwanza, utakirudia. Wengi hujitesa na kitabu kigumu kwa sababu ya sifa tu.

Ukimpata mwandishi anayekukuna, msome vitabu viwili vitatu mfululizo. Kila mwandishi ana maneno yake ya mazoea, na utakutana nayo tena na tena mpaka yakukae.

Kwenye daftari andika sentensi nzima, si neno peke yake, halafu litumie wiki hiyohiyo, hata kwenye ujumbe wa simu. Ila moja moja jamani. Kuna watu wakishamaliza riwaya, ukiwauliza wameamkaje unajibiwa kama unaghaniwa utenzi.