Kwa anayeanza kusoma Katiba ya Marekani: uliza kwanza haki inaibana serikali ipi

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kusoma sheria ya katiba, niliulizwa kwenye mtihani kuhusu mfanyabiashara wa Marekani ambaye mali yake iliharibiwa na serikali ya mji mwanzoni mwa karne ya 19, nami nikajibu kwa kujiamini kwamba Marekebisho ya Tano, mojawapo ya nyongeza za mwanzo za Katiba hiyo zinazolinda haki, yalimlinda, kwa kuwa yanakataza mali ya mtu kuchukuliwa kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Kifungu nilikinukuu bila kukosea hata neno moja, na swali nikalikosa lote, kwa sababu sikujiuliza kifungu kile kilikuwa kinamkataza nani. Baadaye nilipoanza kuwasaidia wanafunzi wapya, niliona kwamba kosa hilo ndilo ninalolisahihisha kuliko jingine lolote.

Sehemu ya tatizo imo katika maneno yetu. Msomaji wa Kenya au Tanzania akisikia jimbo hufikiria eneo linalompeleka mbunge mmoja bungeni, ilhali jimbo la Marekani lina katiba yake, bunge lake, mahakama, polisi na magereza yake, na makosa mengi ya jinai, kuanzia wizi hadi mauaji, hushtakiwa huko huko. Msomaji wa Kenya ana kikwazo cha ziada, ingawa ni kikwazo cha heri: Ibara ya 20 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema waziwazi kwamba Sheria ya Haki inavifunga vyombo vyote vya dola na watu wote, kwa hiyo haimjii akilini kwamba haki inaweza kuandikwa katika katiba ya nchi na bado isimguse polisi wa mtaani.

Anzeni na kesi ya Barron dhidi ya Baltimore ya mwaka 1833, na msiisome kwa muhtasari. John Barron alikuwa na gati katika bandari ya Baltimore, lenye kina cha kutosha kwa meli kubwa. Mji ulipokuwa ukitengeneza barabara zake uligeuza mikondo ya vijito, na kila mvua iliponyesha vijito hivyo vilishusha mchanga na tope mbele ya gati, hadi kina kikapungua na meli zikaacha kuja. Mahakama ya kwanza ilimpa fidia ya dola 4,500. Mahakama ya rufaa ya jimbo la Maryland ikaifuta. Naye akaenda Mahakama ya Juu akiwa ameshika Marekebisho ya Tano. Jaji Mkuu John Marshall hakubisha kwamba mtu huyo ameharibiwa mali. Alisema tu kwamba marekebisho yale, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yaliletwa na watu walioiogopa serikali mpya ya shirikisho, yaani serikali ya taifa zima, na kwamba waandishi wa Katiba walipotaka kuyazuia majimbo waliyataja kwa jina, kama walivyofanya katika Ibara ya Kwanza, kifungu cha 10, kinachoyakataza majimbo kutengeneza sarafu zao; Marekebisho ya Tano hayayataji, kwa hiyo hayakuyabana majimbo wala miji yao, na Barron akashindwa. Fungueni kifungu hicho mkakisome sambamba na Marekebisho ya Tano, kwani hoja nzima ya Marshall imo katika tofauti ya maneno hayo. Kwa kuwa katazo la Marekebisho ya Kwanza dhidi ya dini ya serikali nalo halikuyabana majimbo, haikuwa ajabu kwamba jimbo la Massachusetts liliendelea kuyasaidia makanisa kwa kodi hadi mwaka huo huo wa 1833.

Mabadiliko yaliletwa na vita. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, majimbo ya Kusini yalitunga sheria za kuwabana watu weusi waliotoka utumwani, na Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868 yakajibu kwa kuyataja majimbo bila kificho: hakuna jimbo litakalopunguza haki maalumu za raia wa Marekani, wala kumnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki wa sheria, wala kumnyima ulinzi sawa wa sheria. Seneta Jacob Howard, alipouwasilisha muswada huo mwaka 1866, alitaja haki za marekebisho manane ya mwanzo kuwa miongoni mwa zile ambazo majimbo yangelazimika kuziheshimu. Hata hivyo, mwaka 1873, katika kesi za wachinjaji wa New Orleans, majaji watano dhidi ya wanne waliifasiri sehemu ya haki za raia kwa ufinyu mkubwa kiasi kwamba haikubaki na kazi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mlango wa mbele ulipofungwa, na kila kilichofuata kilipitia mlango wa uani, yaani maneno ya utaratibu wa haki wa sheria.

Kupitia mlango huo haki ziliingia moja moja. Fidia ya mali iliingia mwaka 1897 katika kesi ya kampuni ya reli dhidi ya mji wa Chicago, ambamo kampuni ilikuwa imepewa dola moja tu na ikabaki na dola hiyo hiyo. Uhuru wa kusema ulikubaliwa mwaka 1925 katika kesi ya Benjamin Gitlow, naye akashindwa na hukumu yake ikathibitishwa. Zingatieni jambo hili mnapoandika muhtasari wa kesi: aliyeshinda na kanuni iliyobaki ni vitu viwili tofauti, na mwanafunzi anayerekodi matokeo peke yake huikosa kesi yenyewe.

Kuhusu mabishano ya majaji, someni maoni ya Jaji Hugo Black katika kesi ya Adamson ya mwaka 1947, aliyetaka Hati ya Haki yote, yaani haki za marekebisho yale ya mwanzo, iyabane majimbo kwa mkupuo, mkiyalinganisha na ya Jaji Cardozo katika kesi ya Palko ya mwaka 1937, aliyetaka zile tu ambazo bila hizo uhuru wenye mpangilio hauwezekani. Black hakupata kura za kutosha, lakini miaka ya 1960 ilimkaribisha sana na alichokitaka.

Kesi ya Mapp ya mwaka 1961 inaonyesha maana ya yote haya nyumbani kwa mtu. Mwaka 1957 polisi wa Cleveland walibisha hodi kwa Dollree Mapp wakimtafuta mshukiwa wa mlipuko. Akampigia wakili wake simu, kisha akawakatalia kuingia bila hati ya upekuzi. Walirudi baada ya saa kadhaa wakiwa wengi zaidi, wakavunja mlango. Alipodai kuiona hati, mmoja akainua karatasi. Mapp akainyakua akaificha kifuani, wakamkaba wakaichukua na kumfunga pingu. Mshukiwa hakuwa sababu ya kesi iliyofunguliwa: Mapp alihukumiwa kwa vitabu na picha chafu vilivyokutwa humo, na mahakamani hapakuletwa hati yoyote. Tangu mwaka 1949 Mahakama ya Juu ilikuwa imekiri kwamba majimbo nayo yanabanwa na katazo la upekuzi usio halali, ila ikayaachia huru kutumia ushahidi uliopatikana kwa upekuzi huo. Katika kesi ya Mapp ruhusa hiyo iliondolewa.

Ushauri wangu wa kazi ni mmoja. Chora jedwali katika daftari lako, kila haki na mstari wake, ukiandika kesi iliyoifanya iyabane majimbo pamoja na mwaka, na usijibu swali lolote kabla ya kulinganisha mwaka wa tukio na mwaka ulio kwenye jedwali. Mshtakiwa maskini wa mwaka 1950 huko Florida, katika kosa lisilo la kunyongwa, hana haki ya jumla ya kupewa wakili, kwa kuwa kesi ya Gideon, iliyoyabana majimbo kwa haki hiyo, ni ya mwaka 1963. Usilifunge jedwali mapema pia: haki ya kumiliki silaha iliingia mwaka 2010, katazo la faini za kupindukia mwaka 2019, na sharti kwamba jopo la raia wanaoamua kesi ya jinai nzito liafikiane kwa kauli moja mwaka 2020. Kwenye mstari wa baraza kuu la raia linaloidhinisha mashtaka, andika Hurtado, 1884, na nafasi ya mwaka wa kuyabana majimbo uiache tupu, kwa sababu hadi leo majimbo yanaruhusiwa kushtaki bila baraza hilo.