Maswali ya Wasomaji: Akseleta ipandishwe au breki ishushwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota Starlet ya mwaka 1994 yenye gia za mkono, nami najiandaa kuingia katika mbio ndogo za klabu. Nimeelekezwa namna ya kupunguza gia kwa mtindo wa kisigino na vidole, yaani mguu wa kulia ukandamize breki kwa vidole na papo hapo uguse akseleta kwa kisigino au ubavu wa kiatu, ili injini ipande mizunguko kabla ya gia ya chini kushika. Tatizo ni kwamba akseleta iko chini mno na mguu wangu hauifikii. Fundi wangu anataka kuishusha pedeli ya breki ilingane nayo. Je, nimruhusu? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji wa Nakuru, mwambie fundi wako aiache breki kwanza. Ugonjwa ameuona sawasawa, ila dawa ameipeleka kwenye pedeli isiyo mgonjwa. Mwendo unaobaki kati ya mahali breki zinaposhika na sakafu ya gari ni akiba yako: siku mafuta ya breki yatakapochemka na kufanya viputo, pedeli itazama, na kila milimita uliyoipunguza leo utaitafuta siku hiyo. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hutakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140, na breki zinazofanyishwa kazi ya mashindano hulifikia joto hilo bila taabu. Kwa hiyo akseleta ndiyo ipandishwe kuifuata breki.

Pengine fundi wako amezipima pedeli gari likiwa limezimwa, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Watengenezaji huiweka breki juu ya akseleta kwa makusudi, ili dereva mwenye haraka asizikanyage zote mbili kwa bahati mbaya. Kimo kinachokuhusu wewe ni kile cha breki ikiwa imekandamizwa kwa nguvu. Washa injini ili busta, yaani kifaa kinachouongezea mguu nguvu ya kufunga breki, ifanye kazi, gari likiwa limesimama mahali tambarare na breki ya mkono imevutwa, kisha mwombe mtu aikandamize breki kama anayetaka kusimama ghafla. Laza rula juu ya uso wa pedeli hiyo, ipite upande wa akseleta, upime pengo lililopo chini yake. Mimi hupenda breki iliyokandamizwa ibaki juu ya akseleta kwa milimita 10 hadi 20. Ikiwa breki inazama chini ya akseleta, hiyo ni hatari, kwa sababu kila utakapofunga breki kwa nguvu kiatu chako kitaongeza moto bila wewe kutaka. Ukiona hivyo, shughulikia breki zenyewe: huenda zina hewa, au breki za nyuma zimelika na hazijakazwa.

Kabla ya kushika spana, toa kapeti za ziada, kwani nimeona magari yenye kapeti tatu zilizolaliana, kisigino kimeinuliwa na pedeli haifiki mwisho. Halafu angalia kebo ya akseleta. Kwenye gari la umri wa lako mara nyingi imelegea, na sehemu ya kwanza ya mwendo wa pedeli haifanyi kazi yoyote. Dereva hudhani akseleta iko mbali, kumbe inachelewa tu. Kaza kwa zile nati mbili zilizo karibu na mlango wa hewa wa injini, lakini uache ulegevu mdogo, maana injini hucheza kwenye raba zake na kebo iliyokazwa kupita kiasi itapandisha sailensa, yaani mizunguko ya injini akseleta ikiwa imeachiwa, kila inapotikisika. Mtu mmoja akanyage akseleta hadi mwisho, na wewe uhakikishe kwa macho kwamba mlango wa hewa umefunguka wote na unajifunga wote akiiachia.

Kama bado hufikii, ongeza bamba. Usianze na chuma. Kata vipande vya boksi la katoni, vipange kimoja juu ya kingine, uvifunge kwa utepe juu ya akseleta, na ujaribu injini ikiwa imezimwa, ukiwa umevaa kiatu kilekile utakachoendeshea. Ongeza kipande, punguza kipande, sogeza kushoto kidogo. Baada ya nusu saa ya kukaa hapo utajua kama mguu wako ni wa kugeuza kisigino, ambao unahitaji bamba lishuke chini na kuelekea kushoto, au ni wa kulaza ubavu wa kiatu, ambao unahitaji unene tu. Kwa viatu vya kawaida, mwanya wa milimita 50 hadi 60 kati ya pedeli hizo mbili hunitosha. Ukiuziba zaidi ya hapo, buti pana litakanyaga zote mbili siku utakapolisahau. Katoni ikikuridhisha, ifanye kielelezo cha kukatia bamba la alumini, pembe zake zipigwe tupa, nalo lifungwe kwa bolti mbili zenye nati za kujibana. Bolti moja haitoshi, kwa kuwa bamba litazunguka na linaweza kunasa chini ya breki. Ukishalifunga, rudia ule ukaguzi wa mlango wa hewa, na uhakikishe bamba haligusi sakafu wala kapeti.

Nasisitiza breki isiguswe kwa sababu nimewahi kuletewa gari lililoshushwa breki na mtu aliyekuwa na haraka. Kwenye magari mengi, swichi ya taa za breki ndiyo pia kizuizi kinachoamua pedeli isimame wapi. Yule bwana aliikaza swichi ndani mpaka pedeli ikashuka, lakini hakuifupisha rodi inayosukuma busta. Pedeli ikawa inajikanyaga yenyewe kidogo muda wote: mafuta ya breki yakakosa njia ya kurudi kwenye chupa yake, yakapata joto na kutanuka, na breki zikazidi kubana. Gari liliingia likinuka, rimu za mbele hazishikiki. Nililegeza swichi mizunguko michache tu na magurudumu yakaachia palepale. Ikiwa itabidi kubadili kimo cha breki, rodi na swichi huenda pamoja, na pedeli lazima ibaki na mchezo mdogo wa bure kabla ya kuanza kusukuma.

SWALI: Mimi breki na akseleta nazifikia vizuri, lakini kila nikigusa akseleta gari linanesa na abiria analalamika. — Msomaji, Arusha

JIBU: Yawezekana akseleta yako bado iko chini. Kisigino kinapoifukuza, vidole navyo huongeza shinikizo kwenye breki, na huo ndio mneso wa kwanza. Ongeza bamba la milimita 3 au 5 ujaribu tena. Mneso ukija baada ya kuachia klachi, moto ulikuwa mdogo. Kwa giaboksi yenye uwiano wa 0.97 katika gia ya nne na 1.3 katika gia ya tatu, injini iliyokuwa kwenye mizunguko 3,000 inahitaji kufika kama 4,000 kabla klachi haijashika. Usipoipa wewe, magurudumu ndiyo yatakayoivuta, na kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma yanaweza kuteleza katikati ya kona.

SWALI: Gari langu lina akseleta ya umeme, na nikishika breki injini haikubali kupanda. Je, fundi akunje mkono wa pedeli? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Asiukunje. Mkono huo umebeba sensa, na kuukunja hakubadilishi chochote katika maamuzi ya kompyuta. Baada ya Toyota kuyaita mamilioni ya magari yarudishwe kwa marekebisho mwaka 2009 na 2010, baadhi kwa sababu kapeti zilinasa akseleta, mfumo wa breki kuishinda akseleta ulienea sana katika magari mapya, na lako huenda linao. Uache ufanye kazi yake. Maliza kwanza kufunga breki, achia pedeli, kisha kanyaga klachi, gusa akseleta kwa mguu mzima na uingize gia ya chini. Utapoteza muda mfupi kabla ya kona, ila pedeli zako zitabaki kama zilivyotoka kiwandani.